Walimkatia mama taarab katikati ya ganuni

Wiki kadhaa zimepita na bado sijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo na hasira zangu.

Nilimnunulia mama pleya ndogo ya muziki. Macho yake hayawezi tena kioo cha simu, alitaka kidude chenye vitufe vya kupapasa, akae nacho barazani jioni. Pleya yenyewe sina ugomvi nayo. Betri inakaa, vitufe ni vikubwa, ameizoea siku ya kwanza.

Ndani yake alitaka kitu kimoja tu: taarab ya harusi ya binti wa dada yangu. Usiku ule mama aliombwa akae na waitikiaji, mara ya kwanza tangu baba afariki. Mpwa wangu aliyekuja kutoka Maskati alikuwa na kinasa sauti kizuri, akakiweka juu ya kigoda mbele ya ganuni na udi, vile vinanda vya nyuzi vya taarab, akakiacha mpaka watu wanatawanyika, zaidi ya saa tatu. Kisha akatuachia rekodi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kutupa chochote katika sauti. Ukiisikiliza unamsikia mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza. Unasikia vikombe vya kahawa. Unamsikia mama, wa pili kutoka kushoto.

Pleya haisomi FLAC, inataka MP3, ambayo hupunguza faili kwa kutupa sehemu ya sauti. Nikaenda kwenye kibanda kimoja karibu na Darajani wanapojaza nyimbo kwenye memori kadi. Nilimwomba kijana mambo mawili, na nilimwomba kwa adabu: asishushe ubora kupita kiasi, na asikate pale bashraf, muziki wa ala wa kufungulia, inapoingia kwenye wimbo wa kwanza, kwa sababu pale hapana kituo. Mpiga ganuni anatoka kwenye bashraf na takasimu, anabuni papo hapo peke yake, fidla zinamfuata pole pole, na mwimbaji anaingia juu yao. Hicho ni kitu kimoja. Akanijibu, "Sawa mzee, njoo baada ya Alasiri."

Magharibi nikamwekea mama. Bashraf ikapita vizuri. Ganuni ikaanza kupanda, ikafika pale pale ninapopangoja kila mara, kimya. Halafu ikaendelea kutokea mbele kidogo. Mama akainua kichwa akauliza, "Umeme umekatika?"

Pleya inatumia betri. Mama alikuwa amesharudi uwanjani, usiku ule, na sisi tukamtoa.

Nikavaa visikizi nisikilize mwenyewe. Kilobiti 128 kwa sekunde, na kadiri zinavyopungua ndivyo sauti inavyotupwa zaidi, baada ya maneno yote yale! Makofi yamekuwa mchele unaomwagwa juu ya bati. Nyuzi za ganuni, ambazo kila mguso wake unatakiwa uanze kama sindano, zimefunikwa ukungu. Vigelegele vya akina mama vimechuruzika vikawa maji. Na rekodi ameikata faili kumi na moja, kila wimbo lake, kwa hiyo kuna mashimo kumi.

Nilirudi kesho yake. Hakuinua hata macho. "Mzee, MP3 zote ndivyo zilivyo. Na kwa umri wenu masikio hayasikii tofauti." Mbele ya wateja. Aliyesikia kwanza ni mwanamke wa miaka themanini na mbili!

Wala si kweli kwamba ndivyo zilivyo. MP3 huigawa sauti vipande vya sampuli 1,152, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti. Wimbo usipogawanyika sawasawa, kipande cha mwisho hujazwa ukimya, na mwanzoni nako huongezwa kidogo. Nyimbo za studio zinaanza na kuisha kimya, hutambui kitu. Rekodi ya jukwaani haina kimya, makofi ya wimbo mmoja ndiyo mwanzo wa mwingine, kwa hiyo ukiikata unaitoboa. LAME, programu ya kutengenezea MP3, huandika ndani ya faili ni sampuli ngapi zimeongezwa, na pleya inayojua kuzisoma huziruka. Ya mama haijui, tena huchelewa kufungua faili linalofuata. Dawa ni kutokata kabisa. Nilirudi kwenye FLAC, nikatoa faili moja refu la kilobiti 256, karibu megabaiti mbili kwa dakika, na usiku mzima haukufika megabaiti 400. Kazi ya chini ya nusu saa kwenye laptopu kuukuu. Msijaribu kulipandisha lile la 128. Faili litanenepa tu, kilichotupwa hakirudi.

Nilikuwa nimeapa kusema hapa kwamba MP3 ni uchafu, atakayempa mama yake hana huruma. Siwezi tena. Nimelinganisha lile la 256 na FLAC yenyewe, kwa visikizi vizuri vya mpwa wangu, zaidi ya mara moja, na sikuweza kuyatofautisha. Basi si MP3. Ni mtu aliyebonyeza kitufe bila kusikiliza alichopewa.

Na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mtu huyo namjua. Simu ya marehemu baba ilipokufa, ni kijana huyu huyu aliyeitoa picha zote, akakaa nayo siku mbili, akakataa nusu ya malipo. Ndiyo maana nilimpelekea yeye. Kwa simu, mpelekeeni, ana mikono. Kwa muziki, hapana. Au mpelekeeni, lakini simameni nyuma ya kiti chake mpaka amalize, na msikilize kila mahali nyimbo zinapoungana kabla ya kutoa pesa. Hapana, kwa muziki msiende kabisa.

Mama sasa anasikiliza kila jioni. Takasimu ikifika anaacha kusuka ukili, mkono unabaki juu, mpaka mwimbaji aingie. Anasema nimsamehe kijana wa watu, ana kazi nyingi. Zile elfu tano nilizomlipa nimemsamehe. Neno la masikio bado.