Uzoefu wangu na mafuta ya breki ya Motul RBF 600 katika siku ya kwanza Lime Rock

Nilipojiandikisha kwa mafunzo ya udereva wa kasi katika uwanja wa Lime Rock Park, Connecticut, nilikuwa na Subaru Impreza ya mwaka 2010 inayonipeleka kazini kila siku, na kwa wiki mbili sikuwaza kingine ila matairi na injini. Aliyenizindua ni fundi mmoja tunayetoka naye pwani, ambaye aliniuliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, nikakosa jibu. Akachovya kitambaa cheupe kwenye kikopo cha mafuta hayo, nacho kikatoka na rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Kwa DOT 3, mojawapo ya madaraja ya ubora wa mafuta ya breki, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, na nyuzi 140 tu yakishaingia maji. Yakichemka ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki, pedali huzama hadi chini huku gari likiendelea na mwendo wake. Motul RBF 600 huchemka kwa nyuzi 312 yakiwa mapya na nyuzi 205 yakiwa na maji, na ndiyo sababu niliyachagua. Nilinunua chupa mbili za nusu lita.

Tulipovua magurudumu ili kutoa mafuta ya zamani na hewa kwenye breki, tulikuta jambo lililoniumiza sana. Siku tatu kabla, gereji moja ilikuwa imenijazia fomu ya ukaguzi na kuandika kwamba breki ni nzima, bila kuvua hata gurudumu moja. Mbele kulia, pedi ya nje ilikuwa na milimita 7, lakini ya ndani ilibaki na 2, kwa sababu pini ya kalipa ilikuwa imekwama kwa kutu. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi haina huruma na chuma. Tuliisafisha pini, tukaipaka grisi, tukaweka pedi mpya, kisha mimi nikakanyaga pedali na yeye akafungua na kufunga skrubu ya kalipa, moja baada ya nyingine, hadi mrija ukatoa mafuta ya rangi ya asali nyepesi bila kipovu hata kimoja. Jihadharini yasidondokee bodi, kwani hubabua rangi.

Lime Rock ina urefu wa takriban kilomita 2.4 na kona 7, ambapo moja tu ni ya kushoto. Matairi ya kushoto ndiyo hubeba mzigo, na baada ya kipindi cha pili cha dakika 20 upepo wa tairi la mbele kushoto ulikuwa umepanda kutoka psi 32 hadi 39, nikapunguza. Breki hupata mtihani wake mkubwa mwishoni mwa barabara iliyonyooka, kabla ya kona ya kwanza iitwayo Big Bend, kwa kuwa huko gari hufika likiwa limeshuka mlima na kukusanya kasi. Alasiri pedi zilinuka, lakini pedali ilibaki ngumu palepale ilipokuwa asubuhi, na mkufunzi aliyekaa pembeni yangu aliniruhusu kukawia kidogo zaidi kabla ya kukanyaga breki. Kila nilipotoka nilizunguka polepole ili breki zipoe, na sikuvuta hendibreki nilipoegesha.

Mafuta haya ni ghali kuliko ya kawaida, na ukiyatumia uwanjani inafaa kuyabadilisha kila msimu. Robo ya chupa ya pili ilibaki; nilitaka kuiweka kabatini, fundi akanikataza, kwa kuwa chupa ikishafunguliwa huanza kunyonya unyevu. Tuliipeleka pamoja na mafuta machafu kwenye kituo cha kupokea taka za gari.