Oranjehotel, Scheveningen: wanasheria mkija Den Haag msipapite

Kwanza hii sio hoteli jamani, ni gereza. Wajerumani walilitumia walipoikalia Uholanzi 1940 mpaka 1945, wakafungwa humo watu zaidi ya 25,000, na tangu 2019 ni makumbusho. Iko Scheveningen, ule upande wa baharini wa jiji la Den Haag, na jirani yake kuna gereza linalofanya kazi mpaka leo kwahiyo ukiona ukuta mreefu wa matofali usigeuze, umefika.

Mimi nilienda kwa ajili ya prof Cleveringa. Wengi tukija huku kusoma sheria tunapiga picha pale Kasri la Amani, ilipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, basi tunajiona tumemaliza, kumbe habari yenyewe iko huku. November 1940 Wajerumani walimfukuza kazi prof Meijers wa Chuo Kikuu cha Leiden, sababu ni Myahudi, hakuna nyingine. Sasa Cleveringa alikuwa mwanafunzi wa huyu mzee zamani, na wakati huo ndo mkuu wa kitivo cha sheria. Tarehe 26 saa nne asubuhi, kipindi cha Meijers, akaingia yeye, akawasomea ile barua ya kufukuzwa, halafu akaanza kuwaeleza habari za mwalimu wake, kazi zake, usomi wake, akamuita baba wa wanafunzi. Hakutukana mtu wala hakuwaambia vijana wafanye fujo. Wenyewe wakaimba wimbo wa taifa, usiku wakaichapa ile hotuba kwa taipu ikasambaa nchi nzima, chuo kikafungwa, na kesho yake Cleveringa akakamatwa, begi alishaliandaa kabisa maana alijua watakuja. Akaletwa hapa, akakaa mpaka kiangazi cha 1941.

Ukishayajua hayo ndo uingie, utaona tofauti. Ile selo namba 601, ya waliokuwa wanasubiri kuuawa, imeachwa kama ilivyokuwa, kuta zimejaa maandishi waliyokwaruza wafungwa, sala, majina, siku walizokuwa wanahesabu, na ni ndogo mno, nilisimama pale nikawaza mtu aliyezoea kusimama mbele ya ukumbi umejaa wanafunzi anakaaje kwenye kachumba kama kale miezi yote hiyo kisa hakukubali mwalimu wake aondolewe kimya kimya. Halafu kuna kale kageti kadogo walikopitishwa watu kwenda kupigwa risasi kule kwenye matuta ya mchanga, Waalsdorpervlakte. Hapo sikuweza kukaa muda mrefu.

Prof Telders naye, wa kitivo hichohicho, alipita gereza hili na hakurudi, alifia kambi ya mateso ya Bergen-Belsen April 1945. Meijers mwenyewe alipelekwa kambi ya Westerbork baadae ya Theresienstadt, akapona, akarudi, na 1947 serikali ya Uholanzi ikampa kazi ya kuandika upya sheria yao ya madai, yaani mtu ambaye Wajerumani walisema hafai kufundisha ndo kaiandikia nchi sheria!

Ushauri wangu: isome hotuba kabla hujaenda, tafsiri ya Kiingereza ipo mtandaoni, ni fupi. Watoto wadogo msiwapeleke, ni pazito. Na kama unaweza panga safari mwishoni mwa November, maana kila mwaka tarehe 26 Leiden wanaikumbuka siku ile na waliosoma pale wanakutana miji mbalimbali kusikiliza mhadhara. Nyota tano zote nawapa.