Nimetengenezewa kalibu za saiti mira za kaboni: kazi safi, ila kuna jambo

Wenye Altezza tunajuana, mshahara ukiingia gari ndilo linakula kwanza. Safari hii niliamua kuvalisha saiti mira vifuniko vya kaboni halisi, si ile stika inayotoa malengelenge jua la Dar likiikolea. Nikapata karakana inayotengeneza kalibu, yaani umbo linalonakiliwa juu ya kifuniko chako cha zamani, kisha vipya vinatolewa humo. Jina naliacha, maana nina sifa zao na lawama zao.

Kalibu mbili, kulia na kushoto, Sh 350,000. Vifuniko vyenyewe bei yake mbali. Wakuu wengi wanadhani kaboni ndiyo inayomaliza hela, kumbe kwa vitu vidogo hivi kitambaa kinachotumika ni kipande tu. Kazi iko kwenye kalibu: mkwaruzo au tundu la sindano likibaki humo, utalikuta kwenye kila kifuniko utakachotoa.

Ya kwanza, ya kulia, waliiharibu. Kijana wa karakana alipaka kifuniko changu nta ya kuzuia kisigande mara mbili, "inatosha bosi", akapiga jelikoti (tabaka la uso wa kalibu) nyembamba, na kabla haijashika vizuri akaweka faiba (kitambaa cha nyuzi) na resini (gundi yake inayokauka ngumu) juu. Resini ikaila jelikoti kwa chini. Kesho yake uso wa kalibu ulikuwa na mikunjo kama ngozi ya mamba, na kifuniko changu kimeganda ndani. Kutolewa kwa nyundo ya mpira, kikapasuka. Wakaninunulia kingine cha mtumba. Sikuuliza kimetoka kwenye gari la nani.

Ndipo mzee wa karakana akashika kazi mwenyewe, na hapo niliona tofauti. Nta mara sita, kila mkono anauacha ukae kisha anausugua mpaka ung'ae. Hadina, dawa ya kugandisha, hakukadiria kwa jicho, alipima kwenye mizani: gramu 10 kwa nusu kilo ya jelikoti. Baadaye akawa anaigusa pembeni kwa kidole. Iliponata bila kuacha rangi kidoleni, akasema, "Sasa." Faiba nayo hakuirundika siku moja, kwa sababu resini nyingi kwa mpigo inachemka na kalibu inapinda. Na kwa kuwa kifuniko kinajikunja kwa ndani upande wa kioo, kila kalibu aliigawa vipande viwili vya kufunga kwa bolti. Ingekuwa kipande kimoja, kifuniko kisingetoka.

Vifuniko wamevipiga kwa resini ya epoksi na pampu ya kuvuta hewa, juu wakamalizia klia, vanishi angavu inayozuia jua, maana epoksi tupu hugeuka njano. Vimekaa vizuri. Cha kulia kina mwanya kidogo chini, unauona ukichuchumaa.

Sasa jambo lenyewe. Kifuniko changu cha kushoto kilikuwa na kikovu, nilikwaruza geti nyumbani. Mzee alitaka kukiziba kwa puti kwanza, mimi kwa haraka zangu nikamwambia akiache, na kalibu ikakinakili. Mwezi uliopita niko kwenye foleni ya Mwenge, pembeni yangu Altezza nyeupe, saiti mira za kaboni. Ya kushoto ina kikovu kilekile, palepale.

Nikapiga simu karakana. Kijana akanijibu bila wasiwasi: "Bosi, wewe ulilipia kazi. Kalibu ni ya kwetu."