Kikundi cha Jumatano cha waliogonga kichwa: nyota nne, na sababu zangu

Kikundi hiki nimekihudhuria miezi mitano, kila Jumatano saa tatu asubuhi, nimekosa mara mbili tu. Ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) huku Tabata, Dar es Salaam, viti kumi na viwili vya plastiki, mchango shilingi 3,000 na chai imo humo humo. Jina la kliniki sitaji kwa ombi la dada anayekiongoza. Viti vimejaa, na hataki mtu atoke Mbagala na kichwa kinachomgonga, akifika aambiwe hakuna nafasi. Naandika ili wewe unayehangaika ujue kikundi cha aina hii kinakuwaje, ukaulizie kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu nawe.

Mimi ni fundi cherehani. Mwezi Machi nilipanda bodaboda kutoka Segerea, kichwa wazi, maana helmeti ilikuwa moja na dereva ndiye aliyeivaa. Bajaji ikakata mbele yetu. Niliangukia ubavu, kichwa kikagonga ukingo wa lami. Sikuzimia. Nilinyanyuka, nikakung'uta vumbi kwenye sketi, nikamuuliza yule kijana mara nne vitambaa vyangu viko wapi, na vitambaa nilikuwa nimevikumbatia.

Hospitali walinipiga picha ya CT ya kichwa, majibu yakatoka safi, nikaambiwa niende nyumbani nikapumzike. Kupumzika siku ngapi, vipi, hakuna aliyesema. Mimi nikajifungia chumbani gizani wiki tatu. Nilipotoka nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyoingia. Mlio wa ovaloki ulinipasua. Mteja mmoja nilimpima kiuno mara tatu na bado nikaandika kipimo cha mkono, gauni la sendofu la watu likaharibika. Na kwa kuwa sina kovu wala bandeji, ugonjwa wangu ukawa maneno yangu tu. Wifi alisema nadeka. Jirani akasema nimetupiwa kitu. Mume wangu alinyamaza, lakini niliona anavyonitazama ninapoomba redio izimwe.

Siku ya kwanza niliingia nimejifunika khanga usoni. Mzee mmoja, fundi ujenzi aliyeangukiwa na tofali, akanisogezea kiti. "Pole, mwanangu. Kaa upande huu, mwanga haufiki." Hakuuliza nimeumia wapi.

Tukaletewa chai. Vikombe ni vya plastiki na hakuna vijiko. Sukari inakorogewa jikoni, inakuja tayari imo kwenye chupa. Nilidhani ni uhaba wa vyombo. Kumbe mwaka wa kwanza wa kikundi walikuwa na vikombe vya bati, na ule mlio wa kijiko kwenye bati ulikuwa unawatoa watu nje. Nilipoelezwa sababu hiyo nililia nikiwa nimeshika kikombe. Miezi mitatu nilikuwa naomba radhi nyumbani kwangu kwa kuumizwa na sufuria.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Anaongea mmoja mmoja, sauti ya chini, na akimaliza tunakaa kimya kidogo kabla ya mwingine kuanza, kwa sababu kichwa cha namna yetu kinachelewa kupokea. Simu zinazimwa. Chumba cha pembeni kuna mkeka na mto. Ukizidiwa unakwenda kulala, na ukirudi hakuna anayekuhoji.

Halafu kuna elimu, na hapa ndipo thamani ya ile elfu tatu inapoonekana. Dada mtaalamu alitueleza kwamba CT inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo unavuruga namna seli zinavyofanya kazi, na hilo picha haionyeshi. Kwa hiyo picha safi na mgonjwa anayeumwa kweli vinakaa pamoja. Wengi hupona ndani ya wiki chache, baadhi huchukua miezi. Akatuambia pia kuhusu wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam Oktoba 2022, na walichokubaliana: mapumziko ni ya saa 24 hadi 48 za mwanzo, tena si ya kulala tuli, kisha mtu aanze shughuli nyepesi kama kutembea. Nikazikumbuka wiki zangu tatu za giza. Ningepewa sentensi hiyo moja mwezi Machi!

Kipimo wanachotumia ni hiki. Kabla ya kuanza kazi, jipe namba ya maumivu kutoka 0 mpaka 10. Ikipanda moja au mbili na ikashuka ndani ya saa moja, endelea, hujajidhuru. Ikipanda zaidi ya mbili, acha, pumzika, kesho punguza. Namba zangu naziandika kwa chaki ukutani karibu na cherehani. Siku ya kwanza nilishona dakika nane: nilianza na 3, nikafika 6, nikafunika mashine. Wiki hii nashona saa mbili kwa mkupuo, naanza na 1, naishia 2.

Zoezi lililonitesa kuliko yote ni la kidole gumba. Unanyoosha mkono, unakaza macho kwenye ukucha, unageuza kichwa kulia na kushoto huku ukucha usiyumbe machoni pako. Mwanzo ukucha wangu ulikuwa unatetemeka kama taa ya kibatari kwenye upepo na kichefuchefu kinapanda. Kijana wa bodaboda tuliyekuwa naye (huyu aligongwa Buguruni, akasahau njia ya kwao) alikaa mbele yangu akanihesabia polepole mpaka kumi. Tulipeana namba. Kila jioni mmoja anampigia mwenzake, dakika mbili tu, kuulizana: umetembea leo? Umelala? Yeye ndiye aliyegundua kwamba nameza Panadol kila siku, akaniambia nimuulize dada. Ni kweli, dawa za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Nilizipunguza kwa usimamizi, na asubuhi zangu zikabadilika.

Jumatano ya mwisho wa mwezi ni ya wasindikizaji, unakuja na mtu wa nyumbani. Nilimleta mume wangu. Alikaa karibu na mlango, mikono kifuani. Mke wa yule mzee akasimulia jinsi mumewe alivyofoka kwa sababu mtoto ameangusha mfuniko, kisha akaenda kulia bafuni. Mume wangu akainua kichwa. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Mama, mimi nilidhani umenichoka." Usiku huo alihamisha redio mwenyewe, akaipeleka barazani.

Nyota moja nimeitoa kwa mambo haya. Paa ni la mabati bila dari, na mvua ya vuli ikianza kikao kimekwisha; wiki mbili zilizopita tuliondoka na maumivu makali kuliko tuliyokuja nayo. Saa tatu si saa nzuri kwa mtu wa kizunguzungu, kwani daladala bado zimejaa na unasimama njia nzima. Saa tano ingetufaa. Na mwezi wa nane alikuja mtu akawa anauza mafuta ya kupaka kichwani, elfu ishirini kichupa, akawaambia watu waache mazoezi. Aliachiwa vikao vitatu kabla ya kukatazwa. Watu wenye maumivu hununua chochote, na hilo lilitakiwa kukomeshwa siku ile ile. Nimeshamwambia dada, na alikubali.

Uliyeumia juzi au jana, usianzie kikundini. Ukitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi kupanda, ukipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, kiungo kikilegea, usingizi ukiwa mzito mpaka hawakuamshi, au majimaji yakitoka puani au sikioni, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kikundi ni cha baada ya hapo, unapokuwa umeruhusiwa na bado hujawa wewe. Na bodaboda usipande bila helmeti, hata kama ni kutoka kituoni mpaka nyumbani. Tulielezwa kuwa inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Dereva wangu wa sasa anabeba mbili.

Mapazia ya pale ni ya kitenge chepesi, jua la asubuhi linapita. Jumatano ijayo napeleka mawili mapya yenye bitana nyeusi, nimeyamaliza jana usiku. Dirisha nililipima mara moja tu.