Fuli seti ya gasketi za 1NZ: usilipie usichofunga

Ile fuli seti ya 1NZ (injini ya Toyota) inayouzwa kwenye maduka ya spea hapa Mwanza, yenye boksi lisilo na jina la maana, imejaa kweli: hedi gasketi, vevu sili, gasketi za menifoldi, mpira wa tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), sili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), oringi kibao. Ila mwenye IST au Vitz inayovuja, anayefanya kazi uani kwake, atatumia viwili tu: mpira wa tapeti kava na sili ya krenki ya mbele. Sili ya nyuma inataka gia boksi ishuke. Gasketi ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, usiiulizie kabisa. Sampo ya 1NZ imezibwa kwa silikoni tangu kiwandani.

Mpira wa tapeti kava ni mzuri kuliko bei yake. Ukunje, ukiuachia unarudi bila kuacha alama nyeupe. Futa kingo kwa kitambaa chenye petroli, na usikwangue alumini kwa bisibisi. Silikoni ni matone mawili, pale kava ya taimingi cheni inapokutana na hedi. Wengi huuzungushia mpira wote. Ikibanwa humwagikia ndani, vipande vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Rudisha kava ndani ya dakika 3, kaza bolti kidogo kidogo hadi Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na usimimine oili kabla ya saa 2 kupita.

Sili ya mbele ndiyo inayoiangusha seti. Mdomo wake ni mgumu, na kaspringi ka ndani kanachomoka kwa ukucha. Hiyo nunua orijino, peke yake. Kutoa ya zamani, kata mdomo kwa kisu, kisha ibanjue kwa bisibisi iliyoviringishiwa tepu. Mpya ipake grisi mdomoni, igonge taratibu kwa kipande cha bomba kinachoenea, hadi ilingane na ukingo wa kava. Pitisha ukucha kwenye shingo ya puli: ukikwama kwenye mfereji, hata orijino itavuja. Bolti ya puli ni Nm 128, mkono mtupu haukadirii.

Tapeti kava ikivuja kwa nyuma, oili hutiririka hadi maungio ya gia boksi na gari likipanda mlima wa Bugando inanuka kuungua. Fundi mwenye haraka atakuambia ni sili ya nyuma. Osha injini (nyumbani, si ziwani wanakoteka watu maji), kausha, nyunyiza poda ya mtoto, washa dakika 15. Poda italowa palipo na tatizo.

Na kama sili mpya imevuja ndani ya mwezi, chomoa PCV (vevu ya kupumulia injini) kwenye tapeti kava uitikise. Isipolia imeganda: injini haipumui, na presha inatafuta pa kutokea.