Cheti kipo ukutani, mwanangu amelazwa kifudifudi

Bado nina hasira, mnivumilie. Mwanangu hajafikisha hata nusu mwaka, nami nilikuwa nimemkabidhi kwa mama mmoja anayelea watoto nyumbani kwake. Kilichonivuta ni cheti cha mafunzo ya malezi alichokitundika sebuleni.

Juzijuzi nikawahi kumfuata. Nikamkuta kalazwa kifudifudi, uso umezama kwenye mto laini, blanketi limemfika masikioni. Nilipomgeuza, shavu lilikuwa la moto, limechorwa mstari wa mshono wa mto. "Dada, mbona umemlaza hivi?" Hakuinua hata macho. "Mama, mimi haya nimesomea. Cheti si unakiona?"

Cheti! Mtoto wa chini ya mwaka mmoja analazwa chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini vikapungua sana. Hilo si jambo la kubishania na mtu aliyesomea. Na pembeni, mtoto mwingine ambaye hata kutambaa bado alikuwa amefungwa mkanda kwenye kiti mbele ya televisheni, wakati Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba umri huo hauhitaji skrini kabisa, wala kufungwa kitini zaidi ya saa moja mfululizo.

Nikambana. Akaenda kuleta daftari lake la semina, na kweli, somo la usingizi limo, kaliandika kwa mwandiko mzuri: "alale chali". Nikamuuliza kama kuna mkufunzi aliyewahi kufika hapo akaona watoto wanapolala. Hakuna. Walikaa ukumbini, wakaandika, wakapewa vyeti, basi. Kurudi nyumbani, mtoto akilia akilazwa chali na wengine wanamvuta gauni, akafanya alivyozoea tangu zamani.

Hapo hasira yangu ikahama, ikawaendea waliompa kile cheti. Mlezi wa nyumbani hana mwenzake wa kumwambia "hapo sivyo". Anahitaji mtu wa kuja kwake, amwone akiwa na watoto wenyewe, amwelekeze palepale, kisha arudi tena. Na niseme haki: huyu mama ana upendo. Akimbadilisha mwanangu nepi humsemesha, akanyamaza kungoja aguune, akamjibu. Hilo wengi hawana.

Kwa hiyo mwenye mtoto mkubwa kidogo, anayetembea, pengine atafurahi pale. Nilitaka kuishia hapo, lakini kila nikilikumbuka lile shavu narudi palepale: kichanga, hapana. Msimpelekee mpaka ile mito itoke vitandani. Na popote mnapompeleka mtoto, ombeni kwanza muonyeshwe anapolala, kisha mwulizeni mlezi ni lini mkufunzi alifika nyumbani kwake mara ya mwisho.