Baiskeli ya mtumba ya Mjapani, miezi saba Mikindani mpaka Mtwara mjini: naipa 8 kwa 10

Nilinunua mwezi wa sita mwaka jana, sa hivi tuko mwezi wa kwanza, kwa hiyo haya siyo maneno ya mtu aliyeitoa dukani jana. Nakaa Mikindani, kazini kwangu ni Mtwara mjini pande za Ligula, kilomita kama kumi kwenda na kumi kurudi. Zamani nilikuwa mtu wa daladala, nikishuka mjini boda ananimalizia mpaka mlangoni, jioni hivyo hivyo, ukijumlisha 3,400 inaondoka kila siku na chai bado sijanywa. Nikaona huu sasa ni ujinga.

Baiskeli yenyewe ni zile za kina mama wa Kijapani, kikapu mbele, keria nyuma, bomba limeinama katikati kwa hiyo hata dada mwenye sketi au baibui anapanda bila shida, tairi la nyuma lina kufuli lake la duara na taa ya mbele inawaka kwa dainamo iliyoko ndani ya haba (kile kitovu cha gurudumu), yaani betri husiki habari zake. Gia tatu. Bado ina stika ya usajili ya huko huko Japani na sijaibandua, watoto wa mtaani kwetu wanaamini imeandikwa jina langu. Bei 180,000 baada ya kuvutana sana, alianzia 230,000.

Duka silitaji maana jamaa alinifanyia kitu. Aliniambia "breki ziko fiti braza, we panda tu". Siku ya pili nashuka kwa mwendo, nabana breki ya nyuma, inalia tu kama mbuzi wa Idi lakini kushika haishiki, nikaishia nusu mita kutoka kwenye beseni la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, la bibi mmoja pembeni ya barabara. Bibi hata hakushtuka, akaniuliza "We baba, ulitaka kununua au kupora?" Nikanunua ya elfu moja kwa aibu. Fundi wetu wa chini ya mwarobaini kabadilisha waya, kakaza mkanda wa breki, kaweka pedeli mpya maana ya kushoto nayo ilikuwa inacheza, jumla 25,000. Sa hivi inashika vizuri ila kulia bado inalia, mi nimeiacha, inanisaidia kuliko kengele.

Ukienda kununua angalia vali na tairi, wengi wanaangalia rangi tu. Vali ya Mjapani ni ile ile ya Phoenix za wazee wetu, kwa hiyo pampu ya fundi yeyote inaingia na kile kimpira cha vali kinapatikana hata kijijini. Tairi ndo kasheshe. Phoenix inavaa 28, hii yangu ni 26 nyembamba, haziingiliani, na 26 nyingi zilizopo madukani ni zile nene za baiskeli za milimani ambazo nazo hazikai kwenye rimu yake. Nilizunguka Mtwara mzima kutafuta tairi la nyuma nikaja kulipata kwa mtu anayebomoa mitumba mibovu, na lenyewe limetumika. Hapo nimekata pointi moja.

Pointi nyingine nimeikata kwa barabara, najua siyo kosa la baiskeli ila we ndo utakayepanda kwa hiyo lazima nikwambie. Ile njia ya Mikindani ndo inayopita malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandarini, na ukifika msimu wa korosho, mwezi wa kumi huko mpaka wa kumi na mbili, yanaongezeka ya korosho. Njia ya baiskeli ya peke yake hamna. Mi nikisikia honi ya nyuma na mbele nako kuna gari linakuja sijadiliani na mtu, nateremka kwenye mchanga, lipite, narudi. Kofia ngumu nimenunua na fulana ile ya kung'aa. Wananicheka, wacheke.

Ukishaingia mjini lakini, raha. Mji huu Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, bandari hapa, reli kwenda Nachingwea, mradi ukafa, reli ikafungwa 1962 na baadaye ikang'olewa lakini mibarabara mipana waliyoipima ikabaki, kwa hiyo baiskeli na mtembea kwa miguu wanapata nafasi ambayo mtu wa Dar anaiota tu.

Sasa upepo, hili hakuna aliyenionya. Miezi ya kusi, wa sita mpaka wa tisa hivi, asubuhi unapigwa usoni unaona kabisa unakanyaga bure, ila jioni umechoka upepo unakusukuma mgongoni mpaka nyumbani unajiona bingwa. Kaskazi ikianza inageuka, asubuhi unateleza tu halafu jioni na uchovu wako wote unalipia. Afadhali kusi mara mia. Hapo ndo zile gia tatu zinapolipa hela yake, ile ya gia moja niliyoazima kwa shemeji kabla sijanunua yangu ilinitoa roho.

Jua nalo. Natoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, dakika arobaini niko kazini, bado kuna ubaridi kidogo. Ukitoka saa mbili shauri yako. Jasho lipo tu hata ufanyeje, shati la kazi linakaa kwenye kikapu ndani ya mfuko, nikifika najimwagia maji kwenye bomba la nyuma la ofisi nabadilishia stoo kati ya maboksi ya karatasi. Kila mwaka tunasikia semina mtembee, mfanye mazoezi, presha, sukari, haya sawa, lakini tuwekeeni bomba lenye mlango na sehemu ya kufungia baiskeli yenye kivuli muone kama watu hawaji nazo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya kawaida angalau dakika 150 kwa wiki, mi kwenda na kurudi siku moja ni dakika 80, siku mbili tu nishavuka, na gym sijalipa.

Lakini sipandi kila siku, msije mkasema nawadanganya. Siku tatu baiskeli, mbili daladala, na mvua hizi zilizoanza daladala zimezidi. Daladala zetu mnazijua, haisi inangoja ijae, ikijaa konda anasema bado siti moja, ila ina uzuri wake, unasinzia, unapata habari zote za mji. Tofauti sa hivi nikishuka siitishi boda, natembea dakika ishirini chini ya miti. Kuna siku mwezi wa kumi na mbili mvua ilinikuta mjini na baiskeli, nikamwomba konda, akaifunga nyuma kwa kamba ya mpira mlango umeachwa wazi, akanidai nauli ya watu wawili. Nikamuuliza huyu mwingine anakaa wapi? Akasema "huyo kasimama, mzee". Nikalipa.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: baiskeli na matengenezo 205,000. Siku tatu za baiskeli naokoa 10,200, siku mbili za kuacha boda 4,000, jumla 14,200 kwa wiki. Wiki ya kumi na tano ilikuwa imejilipa, mvua zikanirudisha nyuma kidogo.

Kama unakaa Shangani au Chikongola na kazi yako iko hapo hapo mjini, kiukweli baiskeli ni anasa, tembea. Ila kwa wa Mikindani na Naliendele, nendeni, mkabane breki ya nyuma kabla ya kutoa hela, na mkikutana na tairi la 26 nyembamba nichukulieni mawili, hela ntarudisha.